Je, Uhai Waweza Kujengwa kwa Mawe?

Huenda msomaji akastaajabu kuona taarifa ya sayansi ikishughulikia mchezo wa televisheni. Mshangao huo ni halali, kwani michezo mingi ya namna hiyo hulitumia jina la sayansi kama pambo tu. Hata hivyo, uko mfululizo mmoja ambao mwalimu wa Kemia hapaswi kuupuuza. Mfululizo huo ni Star Trek, uliobuniwa na Mmarekani Gene Roddenberry na kuonyeshwa nchini Marekani kuanzia Septemba 1966 hadi Juni 1969, jumla ya sehemu 79. Husimulia safari za mabaharia wa chombo cha angani kiitwacho Enterprise, wakiwamo Nahodha Kirk, ofisa wa sayansi Spock, daktari McCoy, na ofisa wa mawasiliano Uhura, ambaye jina lake lilitoholewa katika neno letu la Kiswahili, uhuru.

Naanza kwa kuungama. Nilipokuwa mhadhiri mpya, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza aliniuliza kama yamkini kuwapo kiumbe hai aliyejengwa kwa silikoni badala ya kaboni. Nilimjibu kwa mkato kwamba hayo ni mambo ya sinema. Wenzake wakacheka, naye hakuuliza swali jingine hadi mwaka ulipokwisha. Baadaye, nilipoitazama sehemu ya mfululizo huo iitwayo “The Devil in the Dark”, nilitambua kwamba swali lake lilikuwa na uzito kuliko jibu langu. Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kumpa.

Sehemu hiyo, iliyoandikwa na Gene L. Coon, ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 9 Machi 1967. Katika sayari ya Janus VI, wachimbaji wa madini wanauawa mmoja baada ya mwingine na kitu kisichojulikana, kipitacho ndani ya mwamba kama samaki apitavyo majini. Watu zaidi ya 50 wamekwisha kufa, na Kirk na wenzake wanaitwa wakakiangamize. Spock anakisia kwamba adui huyo ni kiumbe wa silikoni. McCoy anapinga: uhai wa namna hiyo hauwezekani, hasa penye hewa ya oksijeni.

Pingamizi la McCoy si la kipuuzi, na yafaa tulipime. Tukilitazama jedwali la elementi, tutaona silikoni iko chini ya kaboni katika kundi moja. Atomu ya kila mojawapo ina elektroni nne katika ganda la nje, na kwa hiyo huweza kushikamana na atomu nyingine nne. Tena, silikoni ni karibu asilimia 28 ya uzito wa gamba la dunia, ilhali kaboni haifikii hata nusu ya asilimia moja. Kama wingi ndio ungalikuwa kigezo, sote tungalikuwa wana wa mchanga. Kwa nini basi sisi, na migomba, na bakteria, tumejengwa kwa kaboni?

Sababu ya kwanza ni uimara wa vifungo baina ya atomu. Kuvunja moli moja ya vifungo vya kaboni kwa kaboni huhitaji takriban kilojuli 350. Vifungo vya silikoni kwa silikoni huhitaji takriban 220 tu. Lakini kifungo cha silikoni na oksijeni huhitaji takriban 450. Kwa hiyo kaboni huweza kujenga minyororo mirefu iliyo imara, ambapo silikoni ikikutana na oksijeni huelekea kuwaacha ndugu zake na kuambatana nayo. Methani haiwaki hewani mpaka iwashwe. Silani, ambayo ni silikoni moja na hidrojeni nne, huweza kuwaka yenyewe mara iguswapo na hewa.

Sababu ya pili ni taka. Kaboni ya chakula chetu ikiungana na oksijeni hutoa kaboni dioksidi, gesi itokayo mwilini kwa pumzi bila taabu. Silikoni ikiungana na oksijeni hutoa silika, yaani mchanga, usioyeyuka mpaka joto lifikie nyuzi 1,700 za sentigredi au zaidi. Kiumbe wa silikoni avutaye oksijeni angelazimika kupumua mchanga.

Je, hoja imekwisha? La. Ziko daiatomu, mimea midogo ya majini yenye seli moja, zinazojijengea magamba ya silika. Na makali ya majani ya nyasi yanayotukata vidole hutokana kwa sehemu na silika hiyo hiyo. Hapo silikoni ni ukuta wa nyumba, wala si mwenye nyumba. Lakini mwaka 2016 maabara ya Frances Arnold huko California ilichukua protini ya bakteria aishiye katika chemchemi za maji moto, ikaibadili hatua kwa hatua mpaka ikaweza kuunganisha kaboni na silikoni ndani ya bakteria hai. Hiyo haimaanishi kwamba uhai wa silikoni umepatikana. Yamaanisha kwamba kemia ya uhai ina nafasi pana kuliko tulivyodhani.

Turudi Janus VI. Spock anaunganisha fikira zake na za kiumbe huyo, Horta, na hapo ukweli unafichuka. Mawe ya mviringo ambayo wachimbaji waliyaona hayana thamani na kuyavunja kwa maelfu yalikuwa mayai yake. Aliyeitwa shetani alikuwa mama akiwatetea wanawe. McCoy, yule yule aliyesema haiwezekani, anamtibu jeraha kwa saruji yenye silikoni.

Mwalimu aweza kuligawa darasa katika pande mbili, moja imtetee McCoy na nyingine Spock, kila hoja ikitolewa pamoja na takwimu zake. Aulize pia: Horta hutoboa mwamba kwa asidi, mbona asidi hiyo haiuyeyushi mwili wake mwenyewe? Mwanafunzi makini atakumbuka kwamba tumbo letu, lililojengwa kwa protini, humeng'enya protini kila siku, na ute ndio huulinda ukuta wake.

Wachimbaji wale hawakuwa watu waovu. Kosa lao lilikuwa kuvunja kabla ya kuuliza, nami darasani nilitenda kosa lilo hilo. Swali la ajabu huweza kuwa jiwe tupu, na huweza kuwa yai. Hatutalijua mpaka tulipime. Basi akitokea mwanafunzi wa kuuliza jambo la namna hiyo, asichekwe, bali apewe chaki.