CHETI KIMFUATE MGONJWA

Kibarua wa mkonge wa Kimamba akiugua huenda Hospitali ya Wilaya ya Kilosa, iliyo ya Serikali. Utingo aliyeumia katika barabara kuu ya Iringa huenda Mtakatifu Kizito, Mikumi, hospitali ya Kanisa. Wilaya ni moja. Lakini mgonjwa akitoka huku kwenda kule, habari za maradhi yake husafiri katika daftari mfukoni mwake. Likilowa au likipotea, tabibu huanza upya, asijue dawa ipi humdhuru.

Kwa hiyo twaunga mkono GoTHOMIS, mfumo wa Serikali wa kuweka kumbukumbu za wagonjwa katika kompyuta. Lakini kompyuta isiyosomana na ya hospitali jirani ni daftari jingine tu, tena la ghali. Na umeme ukikatika halifunguki.

Basi yapasa hospitali zote zisomane, za Serikali na za dini. Yapasa pia siri ilindwe, kama iagizavyo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwajiri asipate kuyajua maradhi ya kibarua wake kwa kubonyeza kitufe. Habari za mgonjwa zimtumikie mgonjwa.