Mwanasesere wa dola 2 na bei ya kadibodi

Mwaka 2024 kampuni ya mnada ya Heritage ya Dallas iliuza mwanasesere mmoja wa plastiki, anayeenea kiganjani, kwa dola 525,000 za Marekani. Ni Boba Fett, yule mwindaji wa kukodiwa wa filamu za Star Wars, na toleo hili lake halikuwahi kufika dukani. Kampuni ya Kenner ya Cincinnati ilimbuni akiwa na roketi inayofyatuka mgongoni, kisha ikauacha mpango huo kwa hofu ya watoto kupaliwa. Yakabaki majaribio machache ya kiwandani, nayo ndiyo yanayogombewa leo.

Bei kama hiyo ikitangazwa, watu Marekani na Uingereza huanza kupekua makabati ya wazazi wao. Wengi hawapati kitu cha maana, na si kwamba wanasesere hawapo. Filamu ya kwanza ilipotoka Mei 1977, Kenner haikuwa na bidhaa tayari. Krismasi ile iliuza bahasha ya kadibodi yenye cheti, mzazi akitume kwa posta aletewe wanasesere wanne mwaka unaofuata. Walipoingia madukani 1978 bei ilikuwa takribani dola 2 kwa mmoja, na hadi 1985 waliuzwa kwa mamilioni. Watoto wakafanya walichotakiwa kufanya: wakachana pakiti, wakawachezea mchangani, wakapoteza bunduki zao. Kilichoadimika ni yule ambaye hakuguswa.

Mnunuzi mzoefu haanzi na sura. Humgeuza mwanasesere kwanza, asome maandishi madogo nyuma ya mguu: mwaka, herufi GMFGI za kitengo cha michezo cha General Mills, iliyokuwa ikimiliki Kenner, na mara nyingi jina la Hong Kong. Kisha humsimamisha mezani. Miguu ikiwa imelegea, huanguka. Rangi huanza kuchubuka kwenye pua, vidole na ncha za viatu. Stormtrooper, askari wa mavazi meupe, huwa na njano kama meno ya mvuta sigara, na sabuni haiitoi. Wapo wanaomloweka kwenye haidrojeni peroksaidi na kumwanika juani. Weupe hurudi, lakini njano nayo huweza kurudi, na anayejua atakata bei akigundua.

Silaha ni kesi ya peke yake. Bunduki halisi ya Kenner huweza kuwa ghali kuliko mwanasesere anayeishika, kwa hiyo za bandia zimejaa sokoni. Wengine huzijaribu kwenye bilauri ya maji, kwa imani kuwa za asili huelea na za bandia huzama. Kipimo hicho kina mianya mingi. Mimi nisingetoa fedha kwa kukitegemea chenyewe. Jawa, kijitu mwenye kofia ya joho, ndiye mtihani mkubwa zaidi. Wa mwanzo kabisa walivaa joho la plastiki, kabla Kenner haijahamia kwenye kitambaa. Joho lile la plastiki humpandisha bei hadi maelfu ya dola, na matapeli hulitengeneza kwa kukata joho la plastiki la Ben Kenobi, mwanasesere mwingine wa Star Wars ambaye si adimu.

Kwa aliye bado kwenye pakiti, mwanasesere mwenyewe hugeuka kuwa jambo dogo. Kinachopimwa ni kadi iliyo nyuma yake na kifuniko cha plastiki angavu kilichogandishwa juu yake. Je, tundu la kuning'inizia halijatobolewa? Bandiko la bei liling'olewa likaacha jeraha? Kifuniko kimepasuka, kimekuwa cha manjano, au kilibanduliwa na kugandishwa upya kwa gundi? Kampuni za ukaguzi kama AFA hutoa alama kwenye kipimo cha 100, zikipima kadi, kifuniko na mwanasesere kila kimoja peke yake, kisha hufungia mzigo ndani ya sanduku la akriliki. Tofauti ya 80 na 90 mpita njia hataiona, ila kwenye mnada huweza kuzidisha bei mara kadhaa.

Kwa maoni yangu, wenye kipato cha uhakika hapa ni wakaguzi na madalali. Mkaguzi hulipwa ada yake alama ikiwa nzuri au mbaya. Nyumba ya mnada humtoza mnunuzi nyongeza inayoweza kufikia au kuzidi asilimia 20 juu ya bei ya nyundo, na muuzaji naye mara nyingi hukatwa kamisheni. Anayenunua leo auze mwakani anaanza akiwa ameshapoteza sehemu kubwa ya mtaji wake.

Mfano wa wazi wa kununua kwa kutegemea faida ni wa 1995, Kenner, wakati huo ikiwa mikononi mwa Hasbro, ilipowarudisha wanasesere wa Star Wars madukani. Safari hii watu wazima walinunua kwa katoni, wakaziweka bila kufungua, wakisubiri utajiri. Wote waliweka akiba, kwa hiyo hakuna aliyebaki na kitu adimu, na wengi wa wanasesere hao, na kadi zao safi zisizo na mkunjo, leo huuzwa kwa dola chache tu.