Trampolini ya uani: bei ya dukani ni mwanzo tu

MWENYE ua mpana na watoto watatu wasiotulia hakosi kuulizwa swali moja kila zinapokaribia sikukuu: trampolini itanunuliwa lini? Katika nyumba mpya zilizojengwa kando ya barabara ya Bagamoyo, kuanzia Bunju na Mapinga hadi Kerege, Zinga na Bagamoyo yenyewe, nafasi ipo na watoto wapo. Kinachobaki ni fedha, na hapo ndipo wengi hukosea hesabu.

Kosa lenyewe ni la kawaida. Mnunuzi huangalia bei iliyobandikwa dukani, akaona kuwa anaimudu, akalipa. Hajiulizi chombo hicho kitadumu muda gani, wala nani atakisimamia. Mfanyabiashara asiyeweza kununua friji ya duka bila kuuliza habari za umeme na fundi hununua trampolini kama anayenunua mpira.

Tuchukue mfano wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Bagamoyo. Tuseme ameona Kariakoo trampolini ya futi kumi, yenye wavu wa pembeni, kwa Sh. 900,000. Usafirishaji wa kilometa 70 hivi hadi nyumbani umgharimu Sh. 60,000, na fundi wa kuifunga na kuikaza chini Sh. 40,000. Tayari ni Sh. milioni moja, na hakuna mtoto aliyeruka.

Halafu inakuja chumvi. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa jambo hili. Anajua bati la nyumba iliyo karibu na bahari linavyokwisha kabla ya bati la Chalinze. Trampolini ni bomba za chuma na springi nyingi, na springi ni waya mwembamba unaovutwa na kuachiwa mara maelfu. Kutu ikishaingia kwenye ndoano zake, springi hukatika moja moja, tena hukatika mtoto akiwa juu. Kitambaa cha kurukia nacho hufumwa kwa nyuzi za plastiki, na adui yake mkubwa ni jua. Jua la Bagamoyo halina mapumziko ya miezi sita kama la Ulaya, ambako vyombo hivi hufungwa na kuwekwa ghalani wakati wa baridi.

Ni busara basi kuhesabu miaka mitatu, na kuweka Sh. 200,000 nyingine za kubadilisha kitambaa na springi kadhaa katikati ya muda huo. Jumla inakuwa Sh. 1,200,000. Ukigawa kwa miezi 36 unapata zaidi kidogo ya Sh. 33,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei halisi ya trampolini.

Kama ufukweni mtoto anatozwa Sh. 1,000 kwa zamu moja, Sh. 33,000 ni zamu 33 kila mwezi, yaani kama nane kwa wiki, mwezi hadi mwezi, masika na kiangazi. Nyumba yenye watoto wanne na majirani wanaoingia bila kubisha hodi itafikisha zamu hizo kwa siku mbili. Nyumba yenye mtoto mmoja anayesoma bweni haitazifikisha kamwe.

Mke wa mwenye duka wetu huenda akamwuliza swali lisilo na tarakimu: "Baba watoto, na ukiwa dukani nani atakaa pale kuwaangalia?" Ni swali la maana kuliko yote.

American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, kimekuwa kikionya juu ya trampolini tangu mwaka 1977. Mwaka 1999 kilitoa ushauri kwamba zisitumiwe kabisa majumbani, na mwaka 2012 kikarudia kauli hiyo. Waraka wa mwaka 2012 una takwimu ambazo kila mzazi anapaswa kuzijua. Karibu robo tatu ya majeraha hutokea pale watu zaidi ya mmoja wanaporuka kwa pamoja, na anayeumia zaidi ni mdogo: hatari yake inaweza kufika mara 14 ya ile ya mwenzake mzito. Sababu yake ni rahisi. Mkubwa anapotua, kitambaa humrusha mdogo juu kwa nguvu asiyoitarajia, au humpokea kikiwa kinapanda badala ya kushuka. Mfupa wa mtoto wa miaka mitano hauhimili mambo hayo. Ndiyo maana hata watengenezaji huandika kwamba aliye chini ya miaka sita asipande.

Wavu nao umekuwa ukitegemewa kupita kiasi. Unazuia kuanguka nje, lakini majeraha mengi hutokea ndani, juu ya kitambaa chenyewe.

Mkono ukivunjika Bagamoyo, safari huanza hospitali ya wilaya. Ukihitaji upasuaji huenda ikaendelea hadi Tumbi, Kibaha, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam. Kwa mwenye duka hiyo si gharama ya matibabu tu. Ni nauli, ni mtu wa kukaa na mgonjwa, ni duka kufungwa au kuachiwa kijana ambaye hajui bei za mbao. Hakuna anayeweka fungu hilo kwenye bajeti ya toy.

Wapo wanaoiangalia trampolini kama mtaji. Wanaona umati wa Idd el Fitr na Krismasi kwenye fukwe za Bagamoyo na Kunduchi, wanaona foleni ya watoto kwenye majumba ya kurukia yanayojazwa upepo, wanaona noti za elfu elfu. Wanapiga hesabu kichwani na kwenda Kariakoo.

Hesabu ikiwekwa kwenye karatasi haipendezi sana. Mtoto mmoja mmoja, dakika kumi kila mmoja: pamoja na kuvua viatu, kupanda na kushuka, zamu inakuwa dakika kumi na mbili, yaani watoto watano kwa saa. Kwa saa nane ni watoto 40, sawa na Sh. 40,000. Tuseme msimamizi analipwa Sh. 15,000 na mwenye eneo Sh. 10,000. Zinabaki Sh. 15,000. Ili kurudisha Sh. 1,200,000 zinahitajika siku 80 zilizojaa namna hiyo.

Siku 80 zitatoka wapi? Idd zote mbili kwa siku mbili mbili, Krismasi na kesho yake, Mwaka Mpya, Pasaka na Jumatatu yake, Muungano, Saba Saba, Nane Nane, Desemba 9. Hazifiki hata 15. Jumapili za kawaida zipo, lakini umati wake si wa sikukuu, na katika masika fukwe huwa tupu. Kwa siku 15 kwa mwaka mtaji utarudi baada ya miaka mitano na zaidi, wakati chumvi imempa mwenye mali mitatu.

Hapa ndipo ilipo siri ya biashara hii, na mzazi anayelipa naye anapaswa kuifahamu. Mwenye trampolini anayetoza Sh. 1,000 kwa dakika kumi hawezi kupata faida akipandisha mtoto mmoja. Akipandisha wanne, Sh. 5,000 za saa moja zinakuwa 20,000, na mtaji unarudi haraka. Ni yale yale ya daladala inayojaza kwa sababu nauli haitoshi. Tangazo la "Hatutahusika na ajali yoyote" huandikwa kwa herufi kubwa, lakini halitibu mkono.

Je, ipo njia ya kupata faida bila kuwajaza watoto? Ipo, nayo ni saa. Mtoto akiruka kwa dakika tano mfululizo anakuwa amekwisha hema. Zamu ya dakika tano, huku anayefuata amekwisha vua viatu, inachukua dakika sita kwa jumla. Hao ni watoto kumi kwa saa, 80 kwa siku. Kwa bei ile ile ya Sh. 1,000 mapato yanakuwa Sh. 80,000, na baada ya msimamizi na eneo zinabaki 55,000. Siku 80 zinashuka hadi 22, yaani mwaka mmoja na nusu wa sikukuu. Tatizo ni jirani mwenye trampolini ya pili anayepandisha watoto sita kwa dakika kumi na tano. Mzazi huangalia muda, haangalii idadi.

Vijana wa Bagamoyo, kwa kweli, hawakuwahi kungoja trampolini. Mji huu una chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, ambacho leo ni TaSUBa, na sarakasi ni jambo la kila siku hapa. Jioni ufukweni utawakuta wavulana wamefukia nusu ya tairi bovu mchangani. Wanakuja mbio, wanakanyaga tairi, wanapinduka hewani. Huvunjika mikono nao, isidhaniwe vinginevyo. Lakini hupanda mmoja mmoja, kwa sababu tairi halina nafasi ya wawili.

Kwa aliyekwisha amua kununua, ushauri wa mafundi wa pwani ni wa kawaida. Bomba ziwe zimepakwa zinki ndani na nje. Springi zioshwe kwa maji baridi ya bomba na kupakwa grisi. Kitambaa kifunikwe mchana wa jua kali na kifunguliwe chote wakati wa masika. Upepo wa kusi huweza kuinyanyua trampolini yenye wavu kama tanga, na vigingi vifupi vya chuma vinavyokuja nayo havishiki mchanga wa hapa. Mifuko ya mchanga juu ya miguu yake ni rahisi na inafaa zaidi. Risiti ya EFD idaiwe, kwani bila hiyo hakuna wa kumwuliza springi zikianza kukatika mwezi wa tatu.

Wakati wa kununua nao una bei yake. Kabla ya Idd muuzaji hana haja ya kupunguza. Katikati ya masika anayo. Zilizotumika huuzwa pia na familia zinazohama, mara nyingi kwa bei ya kuvutia. Kabla ya kutoa fedha mnunuzi apitishe kidole kwenye ndoano ya kila springi, kisha aulize ilikokuwa imewekwa. Iliyokaa mwaka mmoja Morogoro si sawa na iliyokaa mwaka mmoja ufukweni Mbweni.