Kiasi na Shabaha: Maelezo juu ya Usahihi wa Risasi Ndogo za Bunduki

Edward Steere, katika kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili kilichotoka mwaka 1870, aliandika kwamba risasi kamili, yaani ganda pamoja na baruti na kipande cha madini kilicho mbele yake, iliitwa kiasi cha bunduki. Jina hilo limekwisha kupotea katika matumizi ya kila siku. Mahali pake pamechukuliwa na neno risasi, ambalo asili yake ni jina la madini tu, na ambalo hata sasa ni jina la madini hayo. Kwa hiyo neno moja lina kazi tatu: madini, kipande kirukacho, na kitu kizima kitiwacho katika bunduki. Mtu akiambiwa achague risasi nzito, hajui kama atapima kile kipande kirukacho au kitu kizima; na katika jambo la kulenga, tofauti hiyo si ndogo.

Ilongero ni mji mdogo wa Wilaya ya Singida, kaskazini ya mji wa Singida, katika nchi ya Wanyaturu. Ni nchi ya mtama, uwele, alizeti na ng'ombe, yenye miamba mikubwa iliyotokeza juu ya ardhi na upepo mwingi. Mwenye shamba huko ana maadui wadogo wengi: ndege walao nafaka, kanga wafukuao mbegu, sungura na nungunungu. Upinde ulitangulia, na baada yake bunduki ya kushindilia kwa mdomo, iitwayo gobore. Mwenye gobore ndiye apimaye baruti kwa mkono wake kila apigapo. Akizidisha, bunduki yaweza kupasuka. Akipunguza, kipande huanguka karibu. Na leo hawezi kupima sawasawa kabisa na alivyopima jana. Kiasi kilikuwa katika kiganja chake.

Risasi ndogo ya upana wa inchi 0.22, yaani kama milimita 5.6, ilimwondolea kazi hiyo. Asili yake ni kazi ya Flobert wa Ufaransa mnamo mwaka 1845; mwaka 1857 Smith & Wesson wa Marekani waliitumia katika bastola yao ya kwanza, na mwaka 1887 likatokea umbo lake refu litumikalo zaidi hata leo. Ganda lake ni la shaba nyembamba, na kitako kina ukingo uliokunjwa wenye uwazi ndani. Dawa ya kuwashia hutiwa ikiwa mbichi, kisha ganda huzungushwa kwa kasi mpaka dawa isambae ndani ya ukingo ule. Pini ya bunduki huuponda ukingo, dawa hulipuka, baruti huwaka. Risasi kubwa zina fataki peke yake katikati ya kitako, na maganda yake huweza kujazwa tena. Hii ndogo haijazwi tena, kwa kuwa ukingo ukishapondwa umekwisha. Basi mtu atakaye kuifanya ipige vizuri zaidi hana cha kuongeza wala cha kupunguza ndani yake. Kiasi kimefungwa kiwandani, na kazi iliyombakia ni kuchagua.

Hapo ndipo neno la pili linapofaa kuangaliwa. Shabaha kwa msemaji wa leo ni alama ilengwayo au ustadi wa kulenga. Lakini asili yake katika Kiarabu ni mfanano, na Kiswahili hakikuiacha maana hiyo: kushabihi na kushabihiana yangali maneno ya kawaida. Neno kiasi nalo latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kupima, na pia ya kulinganisha kitu na chenzake. Haidhaniwi kwamba watu wa zamani walikuwa wakifikiri juu ya bunduki walipoyapokea maneno haya. Hata hivyo, fundi wa leo akiulizwa siri ya usahihi wa risasi ndogo, jibu lake litakuwa lile lile: kila moja ishabihi ile iliyoitangulia. Risasi zote zikikosea kwa namna moja, hakuna hasara, maana kilengeo hurekebishwa mara moja na kosa likaondoka. Ile inayotofautiana na wenziwe haina dawa.

Njia ya kwanza, na iliyo bora kuliko zote, ni kuijaribu bunduki yenyewe. Kila mtutu una risasi uipendayo, wala haijulikani kwa kusoma maandishi ya kasha. Bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja huweza kuchagua risasi mbalimbali. Kwa hiyo huchukuliwa aina kadhaa, bunduki ikaegemezwa juu ya mfuko wa mchanga, na zikapigwa tano tano katika karatasi iliyo mita 50, zaidi ya mara moja kwa kila aina. Haitazamwi kama matundu yako katikati. Hutazamwa kama yako karibu karibu. Katika mashindano ya Olimpiki duara la alama kumi kwa umbali huo lina upana wa milimita 10.4 tu, na wapigaji wake hununua risasi za toleo moja baada ya kulijaribu toleo lile katika mtutu wao wenyewe. Mwenye shamba hahitaji uangalifu wa namna hiyo, lakini kanga aliyejeruhiwa akakimbilia kichakani kufa bure ni hasara kwa mwindaji na uchungu kwa mnyama, na kichwa cha kanga si kikubwa.

Njia ya pili ni kupanga kwa kipimo. Unene wa ukingo ni karibu milimita moja, na huko ndiko pini ipigako. Ukingo ukiwa mnene au mwembamba kuliko kawaida, risasi haikai mahali pake sawasawa na pigo hubadilika. Wako wapimao ukingo wa kila risasi na kuzitenga katika mafungu kwa tofauti ya sehemu chache za mia za milimita. Wengine huzipima uzito kwa mizani. Njia hii ya mizani imesifiwa kupita inavyostahili. Kipande kirukacho kina uzito wa gramu 2.6 hivi, na baruti ni sehemu ndogo mno ya uzito wa risasi nzima. Mizani ikionyesha tofauti, haielezi kama tofauti ile imo katika madini, katika shaba, au katika dawa. Na hapa ndipo yule aliyeambiwa achague risasi nzito hupotea: apima kitu kizima akidhani amepima kipande. Kupima huku hufaa kutoa zile zilizoharibika, basi. Wala hakuna mizani ioneshayo kama dawa imesambaa sawa katika ukingo, na kasoro hiyo ndiyo ambayo aghalabu hulaumiwa tundu moja linapokwenda mbali na mengine.

Kuna jambo jingine ambalo huwashangaza wengi, nalo lahusu kasi. Hudhaniwa kwamba risasi yenye nguvu zaidi ndiyo bora. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Risasi ndogo za kawaida hutoka chini kidogo ya kasi hiyo; zile ziitwazo za kasi huipita. Lakini kipande kikiipita kasi ya sauti hewa hukizuia kwa ukali zaidi, kisha njiani hurudi chini yake, na katika kuvuka huko huweza kuyumba. Ajabu zaidi ni kwamba upepo wa ubavuni hukisukuma zaidi kipande cha kasi kuliko kile cha polepole. Sababu ni kwamba upepo haupati nafasi kwa urefu wa muda wa safari peke yake, bali kwa ule muda uliopotea kwa kuzuiwa na hewa, na cha kasi hupoteza zaidi. Katika nchi yenye upepo kama Singida, ambako pamepangwa hata kujengwa mitambo ya umeme wa upepo, habari hii yafaa kuliko mizani yote. Kwa mita 100, upepo wa wastani wa kilomita 16 kwa saa huipeleka risasi ya kawaida karibu sentimita 10 kando. Mwenye kujua hungoja upepo utulie, au hupiga asubuhi mapema.

Nchi hiyo iko juu ya bahari kwa mita 1,500 hivi, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani, basi kipande huzuiwa kidogo zaidi. Bunduki iliyorekebishwa Dar es Salaam yapasa kujaribiwa upya. Tofauti si kubwa katika masafa mafupi.

Yabaki utunzaji. Kipande cha risasi ndogo hupakwa mafuta mazito ili madini yasigande katika mifereji ya mtutu. Wakati wa kiangazi, tangu Juni mpaka mvua za Novemba, vumbi hushika mafuta hayo, na risasi iliyobebwa mfukoni huingia na mchanga. Heri ikae katika kasha lake, mbali na joto la bati. Mtutu nao usisuguliwe kila siku; baada ya kusafishwa, risasi chache za kwanza huenda ovyo mpaka mafuta yaenee upya ndani yake.

Haya yote ni kwa mwenye leseni kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mwenye kibali cha kuwinda awindapo. Udogo wa risasi usimdanganye mtu: hufika zaidi ya kilomita moja, na juu ya miamba ya Singida hudunda na kugeuka upande usiotazamiwa. Kwa mnyama mkubwa haifai hata kidogo.

Kwa watunga istilahi, neno kiasi lingali likingoja. Kiasi kwa kitu kizima, ganda kwa shaba, risasi kwa kipande cha madini: maelekezo yakiandikwa hivyo, neno "nzito" litakuwa na mahali pake. Lililo gumu ni fataki. Zamani lilikuwa jina la kiwashio cha bunduki. Leo kwa wengi ni moto wa sherehe, na tangu kampeni ya redio ya mwishoni mwa miaka ya 2000 nchini Tanzania, ni mtu mzima awarubuniye wasichana wa shule. Afadhali risasi ya ukingoni haina fataki, bali dawa tu. Mwandishi wa maelekezo yake hatahitaji kulitaja neno hilo mpaka afike kwenye zile kubwa za kuwashwa katikati.