Kuku wa Matungu: firigisi kwa mgeni, mchuzi kwa mtoto

Mwezi uliopita nilikwenda Matungu, kule Kakamega, kumtazama binti ya kakangu aliyeolewa huko. Msomaji wa Mombasa au Malindi asishangae kusikia tuna wakwe Uluhyani. Njia ya Mumias ni ya zamani. Wafanyabiashara wa pwani walifika kwa Wawanga tangu karne ya 19, na Nabongo Mumia mwenyewe, aliyefariki 1949, alisilimu. Kwa hiyo adhana niliisikia, na kuku alichinjwa kwa Bismillahi.

Tukaandikiwa chakula. Ingokho, yaani kuku wa kienyeji, amepikwa mchuzi pamoja na viazi (wengine wetu twaviita mbatata), pembeni mboga ya saga iliyochanganywa na majani ya kunde na kutiwa maziwa, na ugali. Mimi nikawekewa firigisi, kwao imondo, heshima ya mgeni. Mjukuu wangu wa mwaka na nusu akawekewa viazi viwili vilivyopondwa kwa mchuzi. Nyanyake akaniona nikimtazama, akasema kwa upole, "Mkwe, nguvu zote za kuku zimo kwenye supu."

Sikumbishia mbele ya watu. Ila maneno hayo hayo nimeyasikia Kisauni na Kilifi, kwa mama zetu wenyewe, ndiyo sababu ya kuandika leo.

Nguvu za kuku hazimo kwenye supu. Ukichemsha nyama, protini yake hugandamana na kubaki mle mle nyamani. Kinachotoka kuingia majini ni ladha, chumvi, mafuta na kiasi kidogo cha ule ute wa mifupa na ngozi. Ndipo mchuzi ukanukia ukadhani umebeba kuku mzima. Mtoto anayepewa viazi na mchuzi ameshiba wanga, wala hajala kuku.

Na nyama anayohitaji si nyingi. Mtoto wa umri ule ahitaji protini gramu 13 hivi kwa siku. Kipande cha nyama iliyopikwa cha gramu 30, kadiri ya vidole viwili vya mtu mzima, kina gramu 8 hivi. Hapo ameshapita nusu. Tena apewe paja, lile ambalo watu wa hoteli hulidharau wakitaka kidari. Nyama nyeusi ya paja ina madini ya chuma na zinki kuliko nyeupe ya kidari, na zinki ndiyo mtoto huitumia kukua. Vitamini B12 nayo hupatikana kwenye vyakula vitokanavyo na wanyama. Kiazi hana, mchicha hana. Mafuta mengi ya kuku yako ngozini, kwa hiyo sisi tuliofika miaka arobaini na kitu, tuliokwisha kuonywa presha, tuivue ngozi na kuiacha.

Kiazi kinasingiziwa sana. Kikichemshwa, gramu 100 zina kalori 87 hivi, na kina potasiamu na vitamini C, hasa kikipikwa na ganda lake. Gramu hizo hizo zikiwa chipsi zafika kalori 300, kwa ajili ya mafuta. Kwa hiyo kosa mara nyingi ni la karai. Kosa jingine ni letu sisi wa pwani: kukihesabu kiazi kuwa mboga. Kiazi ni wanga, ndugu yake wali na ugali. Shirika la Afya Duniani likisema mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, viazi havimo katika hesabu hiyo. Mtu anayekula biriani lenye mbatata, kisha akaitwa sukari imepanda, asimlaumu kuku.

Mboga ndiyo iliyonifurahisha Matungu. Saga ni ule mgagani unaoota hata kwetu, na mrenda wao ndio kibwando cha Wagiriama. Majani haya ya kijani kibichi yana chuma, foleti, kalisi na kile kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Lakini kiini hicho hakiingii mwilini vizuri bila mafuta, na chuma cha majani ni kigumu kunyonywa kikiwa peke yake. Wapishi wa Matungu hutia maziwa, sisi hutia tui la nazi, mafuta yamepatikana. Kisha vitamini C ya kiazi, na hasa ya ndimu ikikamuliwa juu, husaidia chuma cha majani kuingia damuni. Nyama ya kuku nayo hufanya kazi hiyo hiyo. Ndiyo maana vitu hivi vitatu vikikutana katika sahani moja vina faida kupita vikiliwa mbalimbali. Ukimwondolea mtoto nyama na mboga, umemwondolea na msaada huo wote.

Neno dogo kwa wapishi: mboga ioshwe kabla ya kukatwa, isichemshwe kwa maji mengi yakamwagwa. Nao wenzetu wa magharibi walainishao mboga kwa ile chumvi ya majivu, wapunguze kipimo, kwani magadi ya aina ile huiua vitamini C.

Narudi kwa mtoto. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 uliona kwamba Kenya nzima, katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 18 wamedumaa. Kilifi ni 37, kaunti ya kwanza nchini kwa ubaya huo. Kudumaa kuna sababu nyingi, kuharisha, maji machafu, lishe ya mama akiwa mjamzito. Lakini mgao wa chakula chunguni nao umo, na huo hautaki fedha za wafadhili. Wazee wa Kiluhya husimulia kwamba zamani mwanamke hakula kuku kabisa. Sisi tusiwacheke. Katika sinia zetu za harusi ni nani hufikiwa na minofu kwanza, na watoto hula saa ngapi, na kilichobaki nini?

Kwa nyumba isiyo na kuku, na ni nyingi, yai moja lina protini gramu 6 hivi. Vidagaa vya Vanga vyatosha, pojo pia lafaa.

Kesho yake asubuhi nilimwita binti yangu kando. Akanijibu, "Ami, mimi najua, lakini nitamwambiaje mama mkwe?" Nikamwambia asiseme kitu. Mchana ule alichukua paja, akachambua nyama nyuzi nyuzi, akaziponda pamoja na kiazi na saga kijiko kimoja, akaulowesha mchanganyiko kwa mchuzi wa nyanyake. Bibi akaonja, akasema supu leo imekolea. Mtoto alimaliza bakuli. Chai tulimcheleweshea, maana chai pamoja na chakula hukizuia kile chuma; akalia kidogo, akalala.