Simu ya Mwajiri, Jasho la Kibarua

Programu ya simu ya kuajiri vibarua ni chombo chenye watumiaji wa aina mbili wasio na nguvu sawa. Upande mmoja yuko mwajiri, au mara nyingi zaidi msimamizi wake, anayehitaji watu kumi na wawili wa kupakua kontena kesho asubuhi. Upande wa pili wako watu wanaotafuta ujira wa siku, ambao wengi wao hawataiona kamwe skrini anayoitazama mwajiri. Kwa kuwa mwajiri ndiye anayelipia huduma, msanifu wa programu, yaani yule anayepanga itakavyoonekana na itakavyofanya kazi, huelekea kumsikiliza yeye peke yake, na matokeo yake huwa orodha ya kupendeza ya majina, picha na ujuzi. Lakini katika miji ya Afrika Mashariki kupata watu si tatizo kubwa, kwani watu wapo langoni tangu alfajiri. Tatizo lipo jioni, wakati siku ya kazi inapohesabiwa na kulipwa, na msanifu anayeanza na skrini ya kutafutia watu badala ya ile ya kufungia siku ameanza kazi yake kinyumenyume.

Inafaa kwanza kutazama jinsi kazi hizi zinavyogawanywa pasipo programu yoyote. Kwenye maghala ya Dar es Salaam, viwanda vya Nairobi na saiti za ujenzi za Mombasa, mara nyingi mwajiri hamtafuti kibarua mmoja mmoja, bali humwambia nyapara, naye nyapara huleta watu anaowajua, huwaandika katika daftari, huwasimamia, na aghalabu hukata sehemu ya ujira wao kama malipo ya kuwapatia kazi. Watengenezaji wa programu hupenda kumwona nyapara kama dalali wa kuondolewa njiani, ilhali anafanya kazi ambayo mashine haiiwezi kwa urahisi: anajua nani ana mgongo mbovu, nani hutoweka baada ya chakula cha mchana, nani anaweza kuachiwa funguo za stoo, na jambo likiharibika yeye ndiye anayeulizwa. Programu inayomfuta humwacha mwajiri bila mdhamini. Ni busara zaidi kumpa nyapara akaunti yake, kamisheni yake ikaonekana kwa wote na ikatoka mfukoni mwa mwajiri, kwani Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997, unaohusu mawakala binafsi wa ajira, umeweka kanuni kwamba mtafuta kazi asitozwe ada, iwe moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka, isipokuwa katika hali chache zilizoruhusiwa.

Skrini ya kutangazia kazi haihitaji maneno mengi, ila inahitaji ukali. Mwajiri hutaja aina ya kazi, mahali, idadi ya watu, muda wa kuanza na kumaliza, vifaa vya kinga vitakavyotolewa, na iwapo kuna nauli au chakula. Nafasi ya ujira isikubali kuachwa wazi wala kujazwa neno «maelewano», maana maelewano yanayofanywa baada ya kibarua kutumia nauli yake ya mwisho si maelewano. Hata saa ina mtego wake. Simu huandika 07:00, msemaji wa Kiswahili huisoma saa moja asubuhi, na programu iliyofasiriwa haraka ikiandika «saa 7» itawaleta watu kazini mchana. Zamu za usiku ni mbaya zaidi, kwa sababu wapo wanaohesabu siku kuanzia magharibi, hivyo usiku wa Ijumaa kwao ni ule unaotangulia Ijumaa, wakati simu inahesabu kuanzia saa sita usiku. Maneno «usiku wa kuamkia Ijumaa» huumaliza ubishi huo kabla haujaanza. Msimamizi naye atajaza haya yote akiwa amesimama juani, pengine kwa mkono mmoja wenye vumbi la saruji, kwa hiyo kipimo ambacho Google inakipendekeza kwa vitufe vya Android, yaani takriban milimita 9 kwa kila upande, ni kiwango cha chini, na maandishi ya kijivu kwenye mandhari nyeupe yanafaa kuachiwa wanaokaa ofisini.

Tangazo likishatoka, lazima limfikie mtu mwenye kitochi, ile simu ndogo isiyo na intaneti. Njia iliyozoeleka ni ujumbe mfupi wenye herufi zisizozidi 160, au menyu ya namba inayofunguliwa kwa kubonyeza nyota na reli, ambayo ukurasa wake mmoja hubeba herufi 182 tu na hujifunga wenyewe mtumiaji akichelewa kujibu. Ufinyu huo humlazimisha msanifu kuamua ni nini hasa kibarua anapaswa kukijua ili akubali au akatae, na majibu yake huwa machache: kazi gani, wapi, saa ngapi, shilingi ngapi, nani anaajiri. Huko India, kampuni ya Babajob iliyoanzishwa Bangalore mwaka 2007 ilienda mbele zaidi kwa kuwatumia wale wanaobipu, yaani wanaopiga na kukata kabla simu haijapokelewa, ili mtafuta kazi aweze kuwasiliana na huduma bila kutumia salio. Nani apelekewe ujumbe huo kwanza ni uamuzi wa kanuni ya kompyuta inayopima umbali, ujuzi na rekodi ya kufika kazini. Katika hili kanuni nyepesi inayoweza kuelezwa kwa sentensi mbili ni bora kuliko ile ya werevu mwingi ambayo hata mwenye programu hawezi kuitetea anapoulizwa kwa nini mtu fulani hajaitwa kwa wiki tatu.

Kisha watu hufika, na hapo ndipo kazi yenyewe ya usanifu inapoanza. Wapo wanaotegemea GPS, mfumo wa setilaiti unaoiambia simu iko wapi, ili kuthibitisha mahudhurio. Lakini mfumo huo hukosea kwa mita nyingi kati ya majengo marefu au chini ya paa la bati, na kibarua mwenye kitochi hana huduma hiyo kabisa. Njia isiyo na mbwembwe ni namba fupi ya siri ambayo kila kibarua hupewa kwa ujumbe na kuitaja langoni, msimamizi akaiingiza kwenye simu yake, na papo hapo kibarua akapokea ujumbe unaosema ameandikwa saa ngapi. Jambo hilo hilo hurudiwa wakati wa kuondoka. Kwa kuwa mtandao hukatika, programu lazima ihifadhi taarifa hizo ndani ya simu ya msimamizi na kuzituma mtandao ukirudi, huku ikiwa na alama inayoonesha wazi kipi kimetumwa na kipi bado. Msimamizi asiyejua kama kazi yake imehifadhiwa atarudi kwenye daftari siku hiyo hiyo, na atakuwa na haki.

Malipo ndiyo yanayoamua kama programu itaaminiwa. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, kumtumia kibarua ujira wake kwa simu limekuwa jambo la kawaida, kwa hiyo kutuma fedha kwenyewe hakumshangazi mtu. Kinachohitaji akili ni yale yanayoweza kuharibika. Msimamizi anabonyeza «Lipa», mtandao unasuasua, anabonyeza tena, na kama kila ombi la malipo halina utambulisho wake wa pekee unaouwezesha mfumo kugundua kwamba ombi la pili ni lile lile la kwanza, watu kumi na wawili watalipwa mara mbili, na kuzirejesha fedha hizo ni kesi. Kinyume chake huumiza zaidi: msimamizi anaona neno «imelipwa» ilhali simu ya kibarua iko kimya, na mama lishe aliyemkopesha ugali wa mchana anasubiri. Neno hilo lisitokee kabla uthibitisho haujarudi kutoka kwa kampuni ya simu. Aidha, ikiwa ujira uliotangazwa ni shilingi 15,000, kibarua azitoe kwa wakala zikiwa 15,000, na ada ya kutolea ihesabiwe kuwa gharama ya mwajiri. Na kazi isitangazwe kabisa kabla fedha zake hazijawekwa amana. Waajiri wengine watalalamika kwamba sharti hilo linafunga mtaji wao. Ni kweli, lakini mtaji unaotakiwa ni wa siku moja, na asiye nao leo hatakuwa nao jioni.

Jingine linalohitaji uangalifu ni tathmini, yaani zile nyota ambazo mwajiri humpa mfanyakazi baada ya kazi. Historia ya eneo hili inatosha kumtahadharisha msanifu. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika ya kikoloni, kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi ambayo ilitiwa alama kwa kila siku iliyotimizwa, na alama hizo ndizo zilizohesabiwa wakati wa malipo. Nchini Kenya, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kipande kilikuwa cheti ambacho mwanamume Mwafrika alilazimishwa kukibeba, kwa kawaida ndani ya kijaluba cha chuma shingoni, kikiwa na alama za vidole vyake, majina ya waajiri wake na ujira waliomlipa, na mwajiri asipotia saini ya kumwachilia, mtu huyo hakuweza kuajiriwa kihalali kwingine. Nyota za simu hazina nguvu ya dola nyuma yake, ila tabia inafanana: rekodi inaandikwa na mmoja, inabebwa na mwingine, na anayeibeba hana kalamu. Kwa hiyo badala ya nyota, mwajiri aulizwe mambo yanayoweza kuthibitishwa, kama vile iwapo mtu alifika, kama alimaliza na kama ataitwa tena. Kibarua aweze kuisoma rekodi hiyo na kuipinga. Naye amtathmini mwajiri kwa maswali ya aina hiyo hiyo, hasa kama alilipa kwa wakati.

Sheria nayo ni sehemu ya usanifu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtambua kibarua kuwa ni mtu anayelipwa mwisho wa kila siku na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Hata hivyo kifungu cha 37 kinasema kwamba akifanya kazi siku za mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, au kazi isiyotarajiwa kumalizika kabla ya miezi mitatu, mkataba wake huhesabiwa kuwa wa mshahara wa mwezi. Programu inazihesabu siku hizo bila jasho, na hapo msanifu hukabiliwa na uamuzi wa kimaadili, kwa sababu hesabu ile ile inayoweza kumkumbusha mwajiri wajibu wake inaweza pia kumpendekezea awabadilishe watu siku ya 25 ili wasifikie haki hiyo. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na mfumo wa malipo uiongeze wenyewe bila kusubiri kuombwa. Japani inaonesha jinsi sheria inavyoweza kuumba programu nzima: kwa kuwa mwaka 2012 nchi hiyo ilizuia, isipokuwa kwa vighairi fulani, mawakala kuwapeleka wafanyakazi wao kwa makampuni mengine kwa mikataba ya siku 30 au chini ya hapo, programu ya Timee iliyozinduliwa mwaka 2018 ilijengwa ili mkataba wa kazi uwe moja kwa moja kati ya mfanyakazi na mwenye kazi, huku programu ikiunganisha tu na kuutanguliza ujira mara zamu inapokwisha.

Kuhusu taarifa binafsi, Kenya ina sheria ya mwaka 2019 na Tanzania ina ya mwaka 2022, na zote zinataka zikusanywe zile tu zinazohitajika. Picha ya kitambulisho na namba ya simu ya mwanamke anayefanya usafi kwenye nyumba za watu hazina sababu ya kubaki katika simu ya kila mwajiri aliyewahi kumwita mara moja.

Mwajiri anayeletewa programu ya namna hii na muuzaji asianze kwa kuuliza ina vitufe vingapi. Amkabidhi muuzaji huyo kitochi, amwambie ajisajili kama kibarua, akubali kazi, aandikwe langoni huku mtandao ukiwa umezimwa, alipwe, kisha apinge saa zilizokosewa. Akishindwa hatua mojawapo, programu hiyo isinunuliwe.