Tangi la samaki sebuleni nalo ni amana

Sikukuu ya Idd el-Fitri iliyopita, binti yetu wa miaka minane alikuwa amehitimisha Juzuu Amma madrasa. Mjomba wake, akitokea Mwanza, alimletea zawadi: tangi la kioo na samaki 14 wa rangi mbalimbali ndani ya mfuko wa nailoni. Jioni ile nyumba yetu hapa Kahama ilijaa watoto wa majirani. Baada ya siku kumi, samaki waliobaki hai walikuwa watatu.

Mtoto hakulia sana. Aliuliza tu: "Baba, na sisi tutaulizwa kama yule mwanamke wa paka?" Alikuwa amefundishwa madrasa hadithi iliyomo katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Sikuwa na jibu la haraka. Makala haya ni matokeo ya kulitafuta.

Kufuga kunaruhusiwa, kwa sharti

Tuanze na sheria. Mtume (s.a.w.) alikuwa akimtembelea mtoto mdogo, Abu Umayr, nduguye Anas bin Malik (r.a.), aliyekuwa na kindege cha kuchezea. Kindege kilipokufa, Mtume (s.a.w.) alimliwaza kwa upole. Katika hadithi hiyo fupi, mwanachuoni wa Kishafii Ibn al-Qass, aliyefariki mwaka 335 Hijria, alitoa faida zipatazo sitini na kuziandikia kitabu. Wanazuoni wameichukua hadithi hii kuwa dalili ya kujuzu kumfuga ndege nyumbani, maadamu analishwa na hateswi. Samaki wa mapambo huingia katika mlango huo huo.

Sharti basi ni matunzo. Paka aliyefungiwa angeweza kulia akasikika. Samaki hana sauti. Anapokosa hewa hupanda juu na kutweta kinywa wazi, na wengi wetu hudhani anacheza.

Kilichowaua

Tangi letu lina urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 30. Ukizidisha unapata lita 54, na ukiondoa mawe na nafasi ya juu, maji halisi ni kama lita 45. Kanuni ya kukadiria wanayoitumia wafugaji ni lita 2 za maji kwa kila sentimita 1 ya samaki mdogo, ikipimwa kwa urefu atakaoufikia akikomaa. Kwa hiyo tangi letu linabeba sentimita 22 tu za samaki, yaani gapi watano wa sentimita 4 kila mmoja. Sisi tuliweka 14, na wanne kati yao walikuwa samaki wa dhahabu.

Huyu wa mwisho anahitaji neno la pekee, kwa kuwa kwetu katika ukanda wa dhahabu jina lake linavutia wateja. Huuzwa akiwa na urefu wa kidole, lakini akitunzwa vizuri hufikia sentimita 20 na zaidi, na huweza kuishi miaka kumi au kuzidi. Hula sana, huchafua maji sana, na hupendelea maji ya baridi kuliko wenzake wa nchi za joto. Bakuli la kioo juu ya meza ni kifungo kwake.

Kinachoua katika msongamano ni maji yenyewe. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Katika tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi kwenye chujio na changarawe huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Bakteria hao huchukua takriban wiki nne hadi sita kuenea. Tangi letu lilikuwa jipya kabisa. Tulipoona maji yametibuka tulimwaga yote na kusugua kila kitu kwa sabuni, tukawaangamiza hata bakteria wachache waliokwisha kuanza.

Hali ya hewa yetu huzidisha tatizo. Maji ya joto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi, na jua la Shinyanga la mwezi Oktoba halihitaji maelezo. Umeme ukikatika usiku na pampu ya hewa ikasimama, tangi lenye samaki wachache hustahimili. Lililojaa huamka na maiti.

Majirani wasiopatana

Kosa letu la pili lilikuwa kuchanganya. Wawili kati ya wale samaki walikuwa madume ya aina ya wapiganaji, ambao hawakai wawili tangi moja; huraruana mapezi hadi mmoja afe. Abu Daud na At-Tirmidhi wamepokea riwaya kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuwachochea wanyama wapigane. Sisi hatukukusudia kuwachochea, lakini tuliwafungia pamoja mahali pasipo pa kukimbilia.

Wapo pia wazazi, hasa upande wa Geita, ambao watoto wao huleta vifaranga vya sato au kambare kutoka ziwani na kuviweka pamoja na samaki wa dukani. Sato hukua na kulinda eneo lake kwa ukali. Kambare humeza kila kinachoenea kinywani mwake.

Anayetaka mfano mkubwa wa kuchanganya samaki bila hesabu, atazame Ziwa Victoria. Lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, wengi wao wasiopatikana kwingine duniani. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 sangara alipandikizwa humo, samaki mla wenzake anayeweza kukaribia mita 2. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelitawala ziwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliokuwa wakifanya kazi katika Ghuba ya Mwanza tangu miaka ya 1970, walishuhudia furu wakipungua mwaka hadi mwaka, na inakadiriwa kuwa aina zipatazo 200 zilitoweka. Uchafuzi wa maji ulichangia, na ni kweli kwamba minofu ya sangara imelisha na kusomesha familia nyingi za kanda hii. Lakini kilichotoweka hakirudi. Kwa sababu hiyo, samaki wa mapambo aliyekuchosha usimwage mtoni, bwawani wala ziwani.

Ukitaka kufuga, fanya hivi

Nunua tangi kwanza, samaki baadaye. Liwashe chujio kwa wiki nne hadi sita, ukitia chembe chache za chakula ili bakteria wapate riziki yao. Maji ya bomba yanayotufikia Kahama na Shinyanga kutoka Ihelele hutiwa dawa ya klorini. Yaache kwenye ndoo wazi kwa siku nzima kabla ya kuyatumia. Usichote kamwe maji ya mabwawa ya uchenjuaji wa dhahabu, kwani huweza kuwa na zebaki au sayanaidi, na hatari yake si kwa samaki peke yao.

Muulize muuzaji maswali matatu: atakua kiasi gani, anakula nini, na hakai na nani. Asipojua, usinunue siku hiyo. Ukichagua gapi, chukua madume tu. Jike huzaa takriban kila mwezi, na tangi hujaa lenyewe. Lisha kidogo, kiasi kinachomalizika kwa dakika mbili. Badilisha robo ya maji kila wiki, si yote, na suuza chujio kwa maji yaliyotoka tangini, bila sabuni.

Samaki watatu waliosalimika walikuwa wa dhahabu. Tuliwapeleka kwa ndugu yetu mmoja Geita mwenye bwawa la saruji uani. Tangi likakaa wiki sita bila samaki, na mtoto akawa anahesabu siku ukutani. Leo lina madume matano ya gapi, na yeye ndiye anayewalisha baada ya swala ya Alfajiri kabla ya kwenda shule.

Nilimjibu swali lake hivi: lililofanyika kwa kutojua tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha, naye ni Mwingi wa kusamehe. Lakini sasa tumeshajua. Tukirudia, hatutakuwa na udhuru.

Wallahu a'lam.